Mwaka Tuliomchubua Maalim

Mwajuma binti Shomari tulimzika siku thelathini na nane zilizopita. Siku ya pili ya matanga mpwa wake, Idrisa, alinifuata chini ya turubai akanionyesha kwenye simu kadi aliyoitengeneza ya kualika watu kwenye hitima. Maneno yalikuwa sawa, siku ilikuwa sawa, lakini picha haikuwa ya Mwajuma. Macho yalikuwa yake, na ule mwanya wa meno ya mbele ulikuwa wake, ila ngozi ilikuwa ya rangi ya chai iliyozidi maziwa. Nikamuuliza amefanya nini. Akasema, "Babu, ni filta tu. Kila mtu anaweka." Nikamwambia aiondoe. Akagusa simu mara mbili kwa kidole gumba na Mwajuma akarudi, mweusi kama tulivyomjua, anatazama kama mtu anayesubiri umalize uongo wako. Kazi hiyohiyo mimi iliwahi kunichukua wiki tatu.

Hasira zilikuwa hazijanitoka wakati wanaume waliokaa karibu yangu walipoanza kusimulia habari za marehemu. Mmoja wao, mtu wa makamo, akasema mama yule alikuwa mwema lakini mkaidi, kwamba aliwahi kuiharibu kalenda ya baba yake mwenyewe, akampotosha fundi, madrasa nzima ikaingia aibu. Wakacheka kile kicheko cha msibani, kinachofichwa nyuma ya kikombe. Mimi nami nilikuwa na kikombe. Nilikunywa kahawa yangu mpaka machicha, nikaaga, nikaenda nyumbani. Basi naandika hapa kilichonishinda kusema pale: kalenda ile niliibadilisha mimi. Hakunituma mtu. Na kwa kuibadilisha simwombi mtu radhi, si mwaka ule wala leo. Radhi ninayodaiwa ni ya jambo jingine, na nitalifikia.

Habari za ukoo na utoto naziruka. Inatosha kusema kwamba natoka Zinga, kwa watu wa jembe, na kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka thelathini na nane. Kwa umri nilikuwa kijana wa mwishomwisho, lakini mbele ya kompyuta nilikuwa mtoto wa chekechea. Kabla ya hapo nilikuwa naandika mabango ya maduka kwa brashi. Bwana Hafidh, mwenye duka la vitabu na kadi katika mji mkongwe wa Bagamoyo, alinunua kompyuta na skana, akanichukua kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na herufi zangu zilikuwa zimenyooka. Alinipa chumba cha nyuma ya duka. Kilikuwa na dirisha moja la nondo, kuta nene za mawe ambazo chokaa yake ilibanduka kwa chumvi, na kompyuta iliyofunikwa kanga kuukuu isiingie vumbi. Juu yangu, kwenye ghorofa, walikaa watu wa Hafidh, mama yake na shangazi zake, na dari ile ya boriti ilipitisha kila neno. Nilijua nani ameposwa, nani amekataliwa, na nani alipika pilau ikamshinda. Mchana chakula kilinishukia: wali wa nazi, samaki wa kupaka, sahani imefunikwa kawa. Nilikula peke yangu, nimekalia kasha la karatasi, wakati Hafidh na wageni wake wanakula juu kwenye sinia moja. Chakula chenyewe kilikuwa kizuri kuliko cha kwangu, sikunyimwa hata siku moja. Nilichonyimwa ni nafasi kwenye sinia. Nilijifanya sijali, na ukweli ni kwamba sikuwahi kujali kitu zaidi ya hicho.

Kazi yangu ilikuwa kuzitayarisha rangi. Watu hudhani kinachoonekana kwenye kompyuta ndicho kitakachotoka kwenye karatasi, na sivyo. Kompyuta inatengeneza rangi kwa taa. Mashine ya kuchapa haina taa. Ina wino wa aina nne, sayani iliyo buluu, majenta iliyo nyekundu ya waridi, yelo na bleki, na kila rangi duniani lazima ipatikane humo, kwa nukta ndogondogo zinazokaa jirani. Kwa hiyo mtu anayeandaa picha lazima aivunje katika rangi hizo nne, aweke kwenye diski, na diski ipelekwe kiwandani Dar es Salaam. Akikosea kuvunja, bahari ya buluu inarudi zambarau na nyanya inarudi kahawia. Mimi nilikosea sana, hasa kwa ngozi zetu. Uso mweusi unaopendeza kwenye kioo cha kompyuta ulirudi kutoka Dar umekuwa doa, pua imezama, macho yanaelea kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

Kisha nikagundua njia ya mkato. Ukipunguza sayani na bleki usoni, uso unachomoka. Unachomoka ukiwa mweupe kuliko mwenyewe, lakini unachomoka, na pua inaonekana. Maharusi walifurahi. Walikuwa wakinitolea picha za kadi zao na kusema kwa sauti ya chini, "Fundi, usinitoe mweusi." Mama mmoja aliniletea picha ya mkwe wake akaapa kwamba kijana si wa rangi ile, siku ya picha jua lilimkuta vibaya. Nilimweka sawa. Mama akaitazama kadi, akacheka, akasema sasa tatizo ni jinsi ya kumfikisha bwana harusi mwenyewe kwenye rangi hiyo kabla ya Ijumaa. Wakaanza kuniita Fundi Nuru. Leo nikilikumbuka jina hilo nasikia uchungu mdomoni, lakini wakati ule nililipenda.

Katikati ya mwaka akafariki Maalim Shomari. Yeye naye alikuwa mtu wa Zinga, mkulima aliyesoma, akaja mjini na kufundisha madrasa miaka arobaini. Alitufundisha mimi na Hafidh juu ya mkeka mmoja. Alikuwa mweusi sana, weusi wenye wekundu kwa ndani, na alipofungua kitabu dirishani paji lake lilishika mwanga kama mbao iliyopakwa mafuta. Kamati ya madrasa, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Hafidh, ikaamua kuchapisha kalenda yenye sura yake, igawiwe siku ya hitima ya miezi mitatu na kutundikwa katika nyumba za wanafunzi wake wote. Picha nzuri ya Maalim haikuwepo, kwa kuwa hakupenda kupigwa. Lakini binti yake, Mwajuma, aliyekuwa akifundisha darasa la wasichana palepale madrasani, alikuwa anachora. Alimchora baba yake kwa rangi za mafuta kwenye kipande cha kadibodi ngumu, akapima kwanza kwa mkono ili kienee juu ya kioo cha skana yangu.

Alikileta akiwa amekifunga kwa mtandio. Nilipokifungua, nilikiinua dirishani. Alikuwa ameupata ule wekundu wa ndani. Nilimuuliza amechanganya nini, akasema hakumbuki, alikuwa anachanganya mpaka baba yake anamtazama. Akasimama mlangoni, hakuingia ndani, akasema, "Kaka, mimi kompyuta siijui. Nakuomba moja tu, mtoe kama alivyo." Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Prufu ya kwanza, yaani karatasi ya majaribio ambayo kiwanda huchapa ili mteja aikubali au aikatae, ilirudi kutoka Dar ikiwa mbaya kuliko kazi zangu zote. Maalim alikuwa lami yenye kilemba. Hafidh aliipeleka juu, na mimi nikiwa chini nikawasikia. Shangazi mmoja akasema, "Maalim alikuwa mweusi, lakini moyo wake ulikuwa mweupe." Mwingine akamjibu, "Basi Hafidh awaambie watuchapie moyo." Wakacheka wote. Hafidh akashuka, akaiweka karatasi mezani, na kwa mara ya kwanza tangu aniajiri hakuniita fundi. Akasema, "Mwenetu, hii itatisha watoto. Mtie nuru. Mtu mwema kama yule lazima uso wake uwe na nuru."

Sikuwa mjinga. Nilijua wanachotaka, na nilijua kwamba nuru ya uso wa mcha Mungu haipimwi kwa asilimia za wino wa bleki. Lakini neno lile "mwenetu" lilikuwa limeniingia. Nikapunguza sayani. Nikapunguza bleki. Maalim akapanda rangi hatua kwa hatua mbele ya macho yangu, akapita rangi ya binti yake, akapita yangu, akafika ya Hafidh, na hapo nikasimama, kana kwamba palikuwa na kituo. Kamati ilipoiona prufu ya pili ilishukuru Mungu. Hafidh akatia sahihi pembeni.

Mwajuma alikuja kuchukua kadibodi yake akaikuta prufu mezani. Akaiinua, akaipeleka dirishani, akaitazama kwa muda mrefu. Akauliza, "Huyu nani?" Nikaanza kumweleza habari za wino, kwamba karatasi yetu ni duni, kwamba mashine ina mipaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu nilimwona anajaribu kuniamini. Kisha akasema, "Baba yangu alikaa nao miaka arobaini. Alipokuwa hai walimvumilia. Amekufa, mnamchubua." Akasema "mnamchubua", si "wanamchubua". Akaiacha kadibodi pale mezani, akaondoka.

Kesho yake niliomba ruhusa nikasema naumwa, nikaenda Dar kiwandani kwa Fundi Kassimu, msimamizi wa mashine. Alikuwa mtu wa Ubena, mfupi, mwenye wino kwenye mikunjo ya shingo, na hakuwahi kukosa utani kwa watu wa pwani. Nilimwekea mezani kadibodi ya Mwajuma na prufu zote mbili, ile ya lami na ile ya maziwa. Akazitazama akasema, "Nyie Bagamoyo bwana. Mzee wenu mnamchoma, halafu mnamwosha kwa jiki." Nikamwambia nataka atoke kama alivyo kwenye kadibodi. Akauliza kwa nini sikusema hivyo miezi yote ile.

"Si kazi ngumu," akasema. "Ni kazi ndefu." Akanionyesha kwamba nukta ya wino ikigusa karatasi inatanuka, kama tone la chai kwenye kitambaa, kwa hiyo rangi nzito ikiandaliwa kwa uzito unaoonekana kwenye kompyuta, karatasi inalewa na kila kitu kinazama. Dawa yake si kumfanya mtu mweupe. Dawa ni kuujua mwili wa weusi wake. Ngozi ya Maalim, alisema, haikujengwa kwa bleki. Imejengwa kwa majenta na yelo, sayani inakuja nyuma kidogo, na bleki inaingia mwisho kabisa, kwenye tundu za pua na chini ya kilemba, pale ambapo hata mwanga haufiki. Tukachapa vipande vya kahawia kama vibiriti, kila kimoja na namba zake, kwenye karatasi ileile ya kalenda. Nilivirudisha Bagamoyo kwenye bahasha, nikavilinganisha na kadibodi dirishani saa nne asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kimoja kilikuwa kijani mno. Kingine kilikuwa matofali. Nikabadilisha namba, nikatuma tena kwa mtu wa basi. Wiki tatu nilifanya hivyo bila kumwambia mtu, na siku moja kipande nilichokiweka juu ya paji la Maalim kikapotea. Nilikitafuta kwa kidole nikijua kipo. Nilikaa chini kwenye kasha langu nikalia, na sioni haya kuandika hivyo.

Kilichofuata ndicho wanachokiita uharibifu. Kamati ilikuwa imesaini prufu nyeupe. Nilipopeleka diski ya mwisho Dar, nilipeleka yenye rangi ya kweli. Fundi Kassimu akauliza kama kamati imeikubali. Nikasema imekubali. Nilimdanganya mtu aliyenifundisha, na kosa hilo ni langu peke yangu, wala sitalipunguza. Lakini kosa lile jingine, la kumtoa Maalim na ngozi aliyoumbwa nayo, silikubali kuwa kosa. Nililifanya kwa akili timamu, mchana kweupe.

Hitima ilisomwa madrasani baada ya swala ya alasiri. Wanaume tulikaa mbele, wanawake nyuma ya pazia. Mafurushi ya kalenda yalifika yamefungwa kwa karatasi ya kaki, na Hafidh mwenyewe akakata kamba. Akatoa ya juu, akaitazama, akatoa ya chini yake kana kwamba huenda zikatofautiana. Zikaanza kupita mkono hadi mkono. Nyuma ya pazia nikasikia mmoja wa wanawake waliokuja kutoka Zinga akisema taratibu, "Huyu hapa," kama mtu anayemfungulia mlango mgeni aliyemngoja. Mbele, wazee walizikunja kalenda wakaziweka chini ya magoti.

Hafidh alisimama akauliza nani amebadilisha picha. Aliuliza kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi. Hakunitazama mimi. Alitazama pazia, akasema, "Mwajuma, wewe ndiye uliyekuja dukani kugomba. Ulimwambia nini fundi?" Pazia likasogea, Mwajuma akasimama ukingoni mwake. Alinitazama. Nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka alipo. Hakunikonyeza, hakuniomba, alinipa nafasi tu, na nafasi ile ilikuwa ndefu, naapa ilikuwa ndefu, mtu angeweza kusoma Fatiha nzima ndani yake. Mimi niliyekuwa jasiri wiki tatu mbele ya kompyuta nikatazama mkeka. Niliwaza kwamba akisema hajui kitu, jambo litazama lenyewe. Sikuwaza kwamba hakuwa mtu wa kusema hajui.

Akasema, "Kama kumtoa baba yangu na rangi yake ni kosa, andikeni jina langu."

Wakaliandika. Wiki ileile aliondolewa darasa la wasichana, akaambiwa apumzike. Hakurudishwa tena. Alikwenda Miono kwa ndugu wa mama yake, akafundisha huko watoto wa wakulima chini ya paa la makuti, akarudi mjini uzeeni, mgonjwa tayari. Mimi sikufukuzwa. Jumatatu yake mchana sahani haikushuka. Hafidh aliniita kutoka ngazini akasema niende juu, wali utapoa. Nikapanda. Nikanawa mikono, nikakaa kwenye sinia kati yake na mjomba wake, na wakanisogezea kichwa cha samaki. Nilikula. Ningependa kuandika kwamba kilinikwama kooni, lakini hakikunikwama, kilikuwa kitamu, na nilikula kwenye sinia lile miaka kumi na moja.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Hafidh. Macho yake yamepungua, sasa anawatambua watu kwa sauti. Tuliamkiana, tukaulizana hali za nyumbani, nikamwambia nimekuja kwa neno moja. Nikamwambia kalenda niliibadilisha mimi, Mwajuma hakujua lolote mpaka zilipofunguliwa.

"Nilijua," akasema.

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu palepale. Mwajuma angeijulia wapi kompyuta? Lakini nikikutaja wewe, napoteza fundi. Nikimtaja yeye, kila mtu anaridhika. Na wewe ulikaa kimya, mwenetu, nikaona tumeelewana."

Nilimwambia ni kweli, tulielewana. Nikamwambia keshokutwa ni arobaini ya Mwajuma, itasomwa madrasani, na mimi nitasimama niseme mbele ya watu wote nani alifanya nini, mimi kwanza, kisha yeye Hafidh. Akasema marehemu amepumzika, hana haja na maneno haya. Akasema watu watanicheka, mzee mzima nalia juu ya rangi za kalenda. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, kwamba nikitaka sana ataomba kamati iweke dua maalumu kwa ajili yake.

"Bwana Hafidh," nikamwambia, "sikuja kuomba ruhusa. Nimekuja kukuambia mapema ili usiseme hukualikwa."

Akauliza kama ninajua kwamba nikisema hivyo hatutakaa tena kwenye kibaraza kimoja. Nikasema najua. Nikasimama, nikamwamkia mkewe aliyekuwa analeta chai, nikatoka kabla hajaimimina.